Uniti moja ya umeme na saini ya miaka 60

Mwenye nyumba wa Mbagala au Tegeta aliye kwenye kundi la T1 akinunua LUKU ya shilingi 10,000 anapata uniti 28. Ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza kununua mwezi huo, kodi ya jengo inakatwa mwanzo, na uniti zinashuka chini ya 24. Bei ya TANESCO ni shilingi 292 kwa uniti. Juu yake inakuja VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA, ndipo tunafika shilingi 356. Naanzia hapo kwa sababu ni namba ambayo kaya za Kinondoni na Temeke zinaijua bila kuuliza, na kwa sababu mikataba ya nyuklia kati ya serikali na serikali husemwa kwa mabilioni ya dola ambayo hayamwambii mtu chochote. Yakigeuzwa kuwa shilingi kwa uniti, yanaanza kusema.

Tanzania haina kinu cha umeme wa nyuklia. Ina urani. Tarehe 30 Julai 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio wa kuchakata madini hayo katika mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma, akiwa na Alexey Likhachev, mkuu wa shirika la nyuklia la Urusi, Rosatom. Mradi huo ni wa kampuni ya Mantra, iliyoingia mikononi mwa Warusi mwaka 2011 na kupata leseni maalumu ya uchimbaji mwaka 2013. Kiwanda kikubwa kinachofuata kimepangwa kugharimu dola bilioni 1.2 na kutoa hadi tani 3,000 za urani kwa mwaka. Tangu siku ile swali limekuwa likirudi vijiweni na redioni: kama urani ni yetu, kwa nini isitupe umeme wa bei nafuu?

Tuipige hesabu. Kinu cha megawati 1,000 kinahitaji takriban tani 200 za urani ghafi kwa mwaka. Kikifanya kazi kwa asilimia 90 ya muda, kinazalisha karibu uniti bilioni 7.9. Tani 200 ni kama ratili 520,000 za unga wa njano unaouzwa sokoni, na kwa bei ya dola 75 kwa ratili hiyo ni dola milioni 39. Gawanya kwa uniti bilioni 7.9: nusu senti ya Marekani. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, kiwango nitakachokitumia hapa kote, urani iliyomo ndani ya uniti moja ina thamani ya shilingi 12.

Shilingi 12 kati ya 356. Serikali ingeamua kuigawa urani ya Namtumbo bure kwa kinu chake yenyewe, mnunuzi wa Mbagala angeokoa shilingi 12 kwa uniti, na hata hizo zisingekuwa zimetoka hewani, kwa kuwa ni mapato ambayo nchi ingekuwa imeyaacha. Urani ikitoka mgodini, lazima igeuzwe kuwa gesi, irutubishwe, kisha itengenezwe kuwa mafuta ya kinu, na hatua hizo huongeza gharama kama ile ya urani yenyewe. Urutubishaji hatuna, wala hakuna jirani aliye nao. Zaidi ya asilimia 40 ya uwezo wa kurutubisha urani duniani uko Urusi, jambo lililoifanya hata Marekani iendelee kununua huko miaka miwili baada ya vita vya Ukraine kuanza. Sheria yake ya kuzuia ununuzi huo ilisainiwa Mei 2024, nayo iliacha mlango wa msamaha wazi hadi mwisho wa 2027.

Tani 3,000 kwa mwaka zinatosha vinu 15 vya megawati 1,000 kila kimoja. Uwezo wote wa mitambo ya umeme ya Tanzania, maji na gesi pamoja, ni megawati zipatazo 4,000. Kwa hiyo, mgodi ukifika kileleni, Ruvuma itakuwa inapeleka nje mafuta ya kuzalisha umeme karibu mara nne ya uwezo wa nchi nzima. Wengi hukasirishwa na namba hiyo, na hasira yao ina sababu, ila fedha zake ni ndogo kuliko inavyoonekana. Kwa dola 75, tani 3,000 ni kama dola milioni 585 kwa mwaka. Mrabaha wa urani kisheria ni asilimia 5, yaani dola milioni 29, au shilingi bilioni 73. Bajeti ya serikali ya 2025/26 ni shilingi trilioni 56.49. Mrabaha huo ni kama senti 13 katika kila shilingi 100 ya bajeti. Kuna pia kodi ya mapato na hisa za serikali, ambazo kwa sheria ya madini haziwezi kupungua asilimia 16, lakini hizo hutegemea faida, na faida hutegemea bei. Urani iliuzwa chini ya dola 20 mwaka 2016, ikapita dola 100 Januari 2024. Kwa bei ya 2016 mrabaha wa tani zilezile ungekuwa dola milioni 7 hivi. Si ajabu kwamba mgodi wenye leseni tangu 2013 ulikaa miaka mingi bila kuchimbwa, ingawa mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikuwa imekubali mpaka wa Selous usogezwe kwa kilomita za mraba 200 hivi ili kuupisha.

Sasa upande wa kinu, ambako ndiko fedha na diplomasia vinakokutana. Mfano mzuri Afrika ni El Dabaa nchini Misri. Makubaliano na Urusi yalitiwa saini Novemba 2015 kwa vinu vinne vya megawati 1,200. Gharama inakadiriwa kuwa dola bilioni 30, na Urusi inakopesha bilioni 25, sawa na asilimia 85 ya mkataba, kwa riba ya asilimia 3, marejesho yakienda miaka 22 kuanzia Oktoba 2029. Masharti hayo tunayajua kwa sababu Misri iliyachapisha kwenye gazeti lake la serikali mwaka 2016.

Chukua bei hiyo uilete hapa. Kinu kimoja cha megawati 1,000 kingegharimu dola bilioni 6.25, zaidi ya robo ya bajeti yote ya mwaka. Tukikopa asilimia 85 kwa riba ya asilimia 3 kwa miaka 22, rejesho ni dola milioni 333 kila mwaka, sawa na shilingi 105 kwa kila uniti itakayozalishwa. Mkopo tu. Bado mishahara, mafuta, matengenezo, utunzaji wa taka za mionzi, nyaya za kuufikisha umeme Mbezi na Chamazi, na kodi zilezile tulizoanza nazo. Riba ikiwa asilimia 7, rejesho linapanda hadi dola milioni 480 kwa mwaka, na mzigo wa mkopo unakuwa shilingi 152 kwa uniti.

Tofauti ya riba hizo mbili ni shilingi 47 kwa uniti, karibu mara nne ya thamani ya urani yote iliyo ndani ya uniti hiyo. Kwa miaka 22 ni dola bilioni 3.2, zaidi ya shilingi trilioni 8. Bwawa la Julius Nyerere lote, na mashine zake tisa, liligharimu shilingi trilioni 6.5. Asilimia 4 za riba zina uzito kuliko bwawa hilo. Na riba hiyo haipangwi na wahandisi wala na soko la urani. Serikali inayokopesha ndiyo inayoipanga, kwa kupima inamtaka rafiki kiasi gani, wapi, na kwa jambo gani. Ndiyo maana nasema mkataba wa nyuklia wa kiraia ni hati ya kidiplomasia kwanza, na mradi wa umeme baadaye.

Haki itendeke kwa nyuklia pia, maana wapo wanaoitupilia mbali kwa kutaja bei ya kujenga peke yake. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115 kwa dola bilioni 2.9 hivi kwa kiwango cha siku za mkataba wake, yaani dola 1,370 kwa kilowati, wakati El Dabaa ni dola 6,250. Zaidi ya mara nne. Lakini maji ya Rufiji hayaji kwa kiwango kimoja mwaka mzima, na bwawa lilikadiriwa kutoa uniti bilioni 5.9 kwa mwaka, karibu theluthi moja ya ambazo zingetoka kama mashine zote zingezunguka bila kusimama. Ukigawa gharama ya kujenga kwa uniti za mwaka mmoja, bwawa ni senti 49 za dola na El Dabaa ni senti 79. Pengo linashuka hadi mara 1.6. Mwaka wa ukame, ambao watu wa Dar es Salaam wanaukumbuka kwa ratiba za mgawo, linashuka zaidi. Kwa hiyo nyuklia si upuuzi. Ni ghali kwa namna ambayo inamfunga mkopaji kwa muda mrefu sana.

Kuna kikwazo kingine ambacho wanasiasa hawakitaji sana: ukubwa wa gridi. Wahandisi hushauri mashine moja isizidi asilimia 10 ya mfumo, ili ikizimika ghafla isiuangushe wote. Mashine moja ya Bwawa la Nyerere ni megawati 235, na mahitaji ya juu ya nchi ni takriban megawati 1,900. Tayari tumeuvuka ushauri kidogo. Kinu cha megawati 1,000 kingekuwa zaidi ya nusu ya mahitaji yote, na siku kinaposimama kubadilishiwa mafuta, Kinondoni, Temeke na Ilala zote zingejua. Kenya, iliyopanga kinu cha ukubwa huo Uyombo, Kilifi, ikakutana na upinzani wa wananchi mwaka 2024 na kuelekeza macho Siaya, ina mahitaji ya juu ya megawati 2,400 hivi. Uganda imetenga eneo Buyende, ikasaini na Wachina mwaka 2018, kisha na Warusi mwaka 2019. Rwanda nayo ilisaini na Urusi mwaka 2019. Kila mmoja anakwenda mezani peke yake na mfumo mdogo, wakati tangu Desemba 2024 njia ya kilovolti 400 inaunganisha Tanzania na Kenya, na kupitia Kenya tunafika Ethiopia. Majirani wanaogawana gridi wangekuwa mteja mmoja mkubwa wa kuzungumzia riba. Sioni dalili kwamba kuna anayepanga hivyo.

Kuhusu muda ambao saini hutufunga, tuna mfano wetu Kinondoni, nao haukuhitaji nyuklia. Mtambo wa IPTL uko Tegeta. Mkataba wake ulisainiwa mwaka 1995 na wawekezaji kutoka Malaysia, wakati ambapo ushirikiano wa nchi za Kusini ulikuwa lugha ya heshima katika mikutano ya kimataifa: megawati 100 za dizeli, miaka 20. Mkataba uliitaka TANESCO ilipie uwezo wa mtambo kila mwezi, uwe unawaka au umezimwa. Gharama ya ujenzi iliyodaiwa ilizidi dola milioni 160. Usuluhishi wa kimataifa ukaishusha chini ya milioni 130, na umeme wa kibiashara ukaanza kutoka Januari 2002, miaka karibu saba baada ya saini. Ugomvi wa malipo ulizaa akaunti ya Escrow Benki Kuu mwaka 2006. Fedha hizo zilipotoka mwaka 2013, Bunge la Novemba 2014 likalipuka na mawaziri wakapoteza nafasi. Septemba 2016, baraza la usuluhishi la ICSID likaiamuru TANESCO ilipe benki iliyonunua deni hilo dola milioni 148.4.

Megawati 100, miaka 20, na tulikuwa bado mahakamani mwaka wa 21. Kinu cha kisasa cha Kirusi kimebuniwa kufanya kazi miaka 60. Ongeza miaka ya kujenga, kisha ya kukibomoa na kulinda mabaki yake, na atakayefunga hesabu ni mjukuu wa mtoto anayesoma leo shule ya msingi Mbagala. Simaanishi kwamba yaliyotokea Tegeta lazima yajirudie. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeishi karibu na ukuta wa mtambo ule ana sababu ya kutaka kuona vipengele kabla ya saini.

Je, mkataba wa nyuklia unanunua kura? Hapa watu hukimbilia jibu rahisi. Machi 2, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipolaani uvamizi wa Ukraine, Tanzania na Uganda zilijizuia kupiga kura. Lakini Misri, Uturuki na Hungary, zote zikiwa na miradi ya vinu ya Rosatom, zilipiga kura dhidi ya Urusi. Rwanda pia. Kura za New York hazimfungi mtu kama malipo yanavyomfunga. Bangladesh, inayojenga Rooppur kwa dola bilioni 12.65 huku asilimia 90 ikiwa mkopo wa Urusi, ilijikuta vikwazo vimeziba njia ya dola. Aprili 2023 ilikubali kulipa dola milioni 318 kwa yuan za China. Nchi haikubadili msimamo wake wa mambo ya nje. Ilibadili sarafu na benki ya kupitishia malipo, kwa sababu ya vita ambavyo haikuwa na sauti ndani yake. Athari za namna hii hufika bila tangazo.

Wamarekani nao wana kamba yao. Kifungu cha 123 cha sheria yao ya atomiki ya 1954 kinakataza kuuza vinu na mafuta yake kwa nchi isiyo na mkataba maalumu. Umoja wa Falme za Kiarabu uliposaini mwaka 2009 ulikubali kutorutubisha urani katika ardhi yake. Mwishoni mwa mwaka huohuo uliwapa Wakorea kandarasi ya dola bilioni 20 hivi, na vinu vinne vya Barakah sasa vinatoa robo ya umeme wake. India haikulazimishwa hivyo mwaka 2008, ingawa ilikuwa imelipua mabomu ya majaribio na haijasaini mkataba wa kuzuia silaha hizo. Masharti hufuata uzito wa mteja. Na kamba ikikatika, anayeumia ni mteja: mkataba wa Afrika Kusini na Marekani uliisha Desemba 2022, ukaacha kizuizi cha kisheria kwenye mafuta ya kinu cha Koeberg yanayotoka Marekani.

Diplomasia ya Tanzania imeshawahi kulipia urafiki wake. Reli ya TAZARA, ambayo treni zake zinaanzia mpakani mwa Temeke na Ilala, ilijengwa kwa mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba. Tanzania ilisimama na China hadi ikarejeshwa kwenye kiti chake Umoja wa Mataifa mwaka 1971. Miaka kumi baadaye Salim Ahmed Salim alipogombea Ukatibu Mkuu, Marekani ilimpigia kura ya turufu, na wengi wamelitaja lile la 1971 kuwa miongoni mwa sababu. Mimi naona TAZARA ilistahili. Lakini naweza kusema hivyo kwa sababu masharti yalijulikana: riba sifuri, kilomita 1,860, miaka 30.

Upo ushirikiano wa nyuklia ambao haukutuachia deni hata kidogo, na nasikitika kwamba hautajwi. Tanzania ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 1976. Kati ya 1994 na 1997, mbung'o waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi, madume zaidi ya milioni 8, walimwagwa kwa ndege juu ya Unguja hadi mdudu huyo akatoweka kisiwani. Mashine za mionzi za Ocean Road, wanakopelekwa wagonjwa wa saratani wa nchi nzima, ni sehemu ya uhusiano huohuo.

Turudi kwenye saini. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake yenyewe inahitaji kuridhiwa. Maana yake ni kwamba hati ikiandikwa bila sharti hilo, au ikiitwa makubaliano ya awali, inaweza isifike Dodoma. Sheria za rasilimali za 2017 zinaruhusu Bunge kupitia mikataba ya madini na kudai vipengele vibovu virekebishwe. Kwa ninavyozisoma, zinaugusa mgodi wa Namtumbo, lakini mkopo wa kinu cha umeme hauna mahali ndani yake. Mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai, unaogusa magati ya Kurasini wilayani Temeke, ulisainiwa Oktoba 2022. Umma ulikuja kuujadili kwa upana karibu miezi minane baadaye, muda mfupi tu kabla Bunge halijauridhia Juni 10, 2023. Unaweza kuukubali mkataba ule na bado ukaona kwamba mpangilio huo ulizaa hasira isiyo ya lazima.

Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi. Makubaliano yake na Urusi ya 2014, kwa vinu vya megawati 9,600, yalibeba kipengele kilichoitwisha Afrika Kusini peke yake dhima ya ajali ya nyuklia. Aprili 2017, Mahakama Kuu ya Western Cape iliyatengua kwa sababu hayakupitishwa bungeni ipasavyo, na katika hukumu hiyohiyo ikagusa makubaliano na Marekani na Korea Kusini. Waliofungua kesi walikuwa asasi mbili za kiraia. Mradi uliokadiriwa kufikia randi trilioni moja ulisimama kwa hoja ya utaratibu.

Marekani, inayouza, huweka mkataba wa aina hii mbele ya bunge lake kwa siku 90 za vikao. Tanzania, itakayolipa, haina muda wa chini uliowekwa kisheria. Ningependa uwepo: hati yoyote ya nyuklia inayozidi miaka 20 iwekwe mezani siku 90 kabla ya kuridhiwa, ikiwa na riba, sarafu ya malipo, anayebeba dhima ya ajali na anayechukua mafuta yaliyotumika, na makadirio ya mzigo wa mkopo kwa shilingi kwa uniti. Mkutano wa Bunge la Bajeti peke yake, Aprili hadi Juni, unakaribia siku hizo.